Ajali Haina Kinga? Mimi Nakataa!

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha zetu, nao walimu wakatupa alama. Mtu akigongwa na gari hapa mtaani, majirani hukusanyika, wakatikisa vichwa, kisha mmoja wao akasema kwa sauti ya huzuni, "Tutafanya nini jamani, ajali haina kinga." Wote huitikia, halafu kila mtu akaenda zake. Matanga huanuliwa, maisha yakaendelea, mpaka atakapogongwa mwingine.

Mpenzi msomaji, leo nimeshika kalamu kuipinga methali hiyo. Sisemi kwamba wahenga walikuwa waongo, hasha! Wao walitembea kwa miguu, na aliyejikwaa kisiki aliumia kidole tu. Matatu iliyosheheni watu kwenye lami yenye utelezi si kisiki. Nina sababu yangu ya kupinga, na sababu yenyewe inaniaibisha. Hebu nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Ilikuwa asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa Machi, wiki ya mitihani ya kufunga shule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mitaro ambayo sisi wenyewe tumeijaza taka na chupa za plastiki ilikataa kumeza maji, nayo maji yakapanda barabarani yakajitandaza kama yako kwao. Siku kama hizo ndipo jina la mtaa wetu wa Ziwani huwa si jina tu. Nilitoka nyumbani mbio, viatu mkononi, nikadandia matatu kwenye barabara ya General Waruinge. Gari lilikuwa limejaa pomoni, lakini makanga alikuwa akisema yale ya siku zote, "Ingieni, gari bado wawili!" Nauli ilikuwa imepanda maradufu. Mvua ikinyesha Nairobi, nauli nayo hunyesha.

Ndani tulikuwa wanafunzi kama sita. Dereva, mzee wa makamo, alikuwa akiendesha polepole, shingo ameinyoosha mbele kama kobe, akitafuta mashimo chini ya maji. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa Hisabati, na mnajua lango likishafungwa mambo huwa ni magumu. Basi tukaanza makelele. "Dere, kanyaga mafuta!" "Dere, unatuchelewesha bwana!" "Hii ni gari ama ni mkokoteni?" Neno hilo la mkokoteni nililisema mimi, na gari zima likaangua kicheko. Mama mmoja aliyepakata gunia la mboga akatugeukia akasema, "Watoto wangu, mwacheni baba wa watu aendeshe. Kuchelewa si kufa." Tukamcheka naye pia.

Sijui kama dereva aliona aibu ama alichoka na kelele zetu. Alikanyaga. Tulilipita lile dimbwi maji yakiruka pande zote mbili, nasi tukashangilia. Tulipokaribia Kariokor mbele yetu palikuwa na mkokoteni umebeba mitungi ya maji. Dereva akashika breki, breki zikawa zimelowa, lami nayo inateleza kama sabuni. Gari halikusimama. Hatukuwa tukienda kwa kasi ya kutisha, la, lakini tulikuwa tukienda kwa kasi iliyotosha. Mitungi ya njano ikatapakaa barabarani, na mwenye mkokoteni akaokotwa mtaroni, mguu umevunjika mahali pawili.

Mzee huyo namjua. Ndiye aliyekuwa akituletea maji mtaani mifereji ilipokauka. Hakuonekana kwa miezi mitatu. Aliporudi alikuwa akitembea kwa mkongojo, na mkokoteni ukawa unavutwa na mwanawe, kijana wa rika langu ambaye saa hizo alipaswa kuwa darasani. Siku moja nilijikaza nikamwendea. Nikamwambia, "Mzee, mimi nilikuwa ndani ya ile gari. Mimi ni mmoja wa wale waliomwambia dereva akanyage." Alinitazama kwa muda, akatabasamu kidogo, akasema, "Wacha tu, kijana wangu. Ajali haina kinga."

Alitaka kunifariji. Lakini nilirudi nyumbani methali hiyo imenikwama kooni kama mfupa wa samaki. Kwa maana ajali ile ilikuwa na kinga! Usiku ule nilizihesabu kitandani. Ningeamka nusu saa mapema. Ningekataa kuingia gari lililojaa. Ningefunga mdomo. Mitaro ingezibuliwa kabla ya mvua. Dereva angezikausha breki zake kwa kuzigusa taratibu baada ya kutoka majini. Kinga tano, na kila moja ingetosha kuuokoa mguu wa mzee yule. Zote tano tuliziacha, kisha tukaja kusingizia wahenga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza barabara zetu za Eastlands, nikaona jambo ambalo nataka nanyi mlione. Ajali zetu nyingi haziji ovyo ovyo. Zina majira, kama mahindi na maembe. Katika vitabu vyetu vya Kiswahili tumefundishwa majira manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Wenzetu wa Uingereza na Marekani huogopa theluji na barafu barabarani. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna theluji, basi tunajidanganya kwamba barabara ni ile ile mwaka mzima, na dereva anaweza kuendesha Januari kama anavyoendesha Aprili. Hapo ndipo tunapopotea.

Tuanze na kiangazi, miezi ya Januari na Februari. Mbingu ni nyeupe, lami imekauka, kila mtu anaona barabara ni salama. Lakini jua lenyewe ni adui. Sisi tunaotoka Eastlands kwenda mjini asubuhi tuna bahati, jua hutukaa mgongoni. Sasa fikiria matatu iliyoshusha abiria mjini, inarudi tupu mbio kuchukua wengine kabla ya watu kwisha steji. Dereva wake anaelekea mashariki, jua limemkodolea macho usoni, kioo cha mbele kina vumbi. Na saa hiyo hiyo ndipo watoto wa shule wanapovuka barabara! Wewe unaliona gari vizuri sana, tena linang'aa. Unafikiri kwamba kwa kuwa wewe unamwona, naye anakuona. Thubutu! Yeye anaona mwanga tu. Jioni mambo hugeuka, anayekwenda mjini ndiye anayepofuka. Dawa yake ni rahisi: kioo kipanguswe kila asubuhi, kile kibao cha kukinga jua kishushwe, mwendo upunguzwe, na sisi tunaovuka tungoje mpaka gari lisimame kabisa.

Joto nalo lina visa vyake. Tairi lililochakaa, ama lisilo na upepo wa kutosha, hupata moto likizunguka safari ndefu likiwa na mzigo mzito, mwishowe likapasuka. Msafiri wa barabara ya Mombasa ameyaona mabaki ya matairi kando ya njia, meusi kama ngozi za nyoka. Kila kipande ni barua ya mtu aliyesema, "Hii tairi bado itafika."

Kisha huja masika, Machi mpaka Mei. Watu wengi huogopa mvua ikishakuwa kubwa, lakini ile ya kwanza ndiyo yenye hila. Wakati wote wa kiangazi magari yamekuwa yakidondosha mafuta barabarani, vumbi likayafunika. Manyunyu ya kwanza huchanganya mafuta, vumbi na maji, ikawa uji. Mvua ikiendelea uji huo huoshwa, lakini nusu saa ile ya kwanza ni ya kumwomba Mungu na kupunguza mwendo.

Hapa nitaomba msaada wa somo la Fizikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde moja. Kabla dereva hajashtuka na mguu wake kufika kwenye breki, sekunde moja imekwenda, na mita 14 zimekwenda nayo. Baada ya hapo, lami ikiwa kavu na matairi ni mazuri, gari dogo litahitaji kama mita 14 nyingine kusimama. Lami ikilowa zitakuwa kama 25. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Maji yakiwa mengi na matairi ni vipara, tairi huacha kabisa kugusa lami, likaelea juu ya maji, na usukani ukawa pambo tu. Ndiyo maana waalimu wa udereva husema acha nafasi ya sekunde mbili kati yako na gari la mbele wakati wa ukavu, na sekunde nne wakati wa mvua. Chagua nguzo ya taa kando ya njia. Gari la mbele likiipita, hesabu. Ukiifikia kabla ya kumaliza hesabu, uko karibu mno. Hata wewe abiria unaweza kuhesabu, haina malipo.

Na mafuriko je? Mwaka wa 2024 hatutausahau. Mwezi wa Aprili maji yaliingia Mathare na mitaa mingi ya jiji yakasomba nyumba na watu, na shule zilizopaswa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zikangoja mpaka tarehe 13 Mei. Mwezi huo huo, tarehe 9, basi lililokuwa likija Nairobi lilisombwa na maji pale Tula, kaunti ya Tana River. Ashukuriwe Mungu, abiria wote 51 waliokolewa. Si wote huwa na bahati hiyo. Maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula yako ya darasani, yanaweza kulielekeza gari dogo yanakotaka. Yakifika rula mbili, hata magari makubwa kidogo huondoka nayo. Rula nusu tu inatosha kumwangusha mtu aliyesimama. Tena hapa Nairobi maji huficha mashimo na vile vidimbwi vya maji taka ambavyo vifuniko vyake viliibwa. Usiyoyaona sakafu yake, usiyaingie, uwe kwa gari, kwa pikipiki ama kwa miguu.

Kipupwe kinafuata, Juni mpaka Agosti. Mwezi wa Julai jua la Nairobi hukosekana hata wiki nzima. Mvua si kubwa, ni rasharasha tu, basi watu hawana habari. Lakini hebu tazama ndani ya matatu asubuhi. Kila abiria amefunga dirisha kwa baridi. Pumzi zetu zinapanda, zinagusa kioo, kioo kinafunikwa na umande. Dereva anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unasugua kioo kwa tambara. Ukimwambia mtu afungue dirisha kidogo tu, anakujibu, "Kwani we huna sweta?" Jamani, homa ya mafua hupona kwa siku saba!

Sweta zenyewe ni kisa kingine. Nyingi ni za buluu nyeusi, kijivu ama kijani kibichi cha giza. Alfajiri ya Julai, mtoto aliyevaa sweta ya buluu kando ya ukuta wa kijivu haonekani mpaka gari limfikie. Na kwa wale watakaosafiri kwenda magharibi likizo ya Agosti, ukungu wa Limuru na Kinale unaujua kila dereva wa njia ya Nakuru. Ndani ya ukungu taa kubwa hazisaidii kitu. Mwanga hugonga ukungu ukarudi machoni mwa dereva mwenyewe kama ukuta mweupe. Huwashwa taa za chini, mwendo hupunguzwa, na habanduki mtu kupita gari la mbele. Asiyeona mbele anakimbilia wapi?

Halafu vuli, Oktoba mpaka Desemba. Mvua za vuli ni fupi, na kwa sababu ni fupi watu hudhani hazina nguvu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi likasombwa, likazama, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Harusi ikawa matanga. Kila ninapoikumbuka picha ile hujiuliza: je, wangengoja ng'ambo ya mto mpaka maji yapungue, ni nani angewakasirikia? Bibi harusi? Kuchelewa si kufa, alisema yule mama wa gunia la mboga, nasi tukamcheka.

Mwisho wa vuli huja majira ya tano, ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Mimi nayaita majira ya Krismasi. Steji zote zinafurika, nauli zinapanda, mizigo inafungwa juu ya paa, madereva wanakwenda mashambani na kurudi bila kulala. Usingizi nao ni ulevi, tena ulevi usiokuwa na harufu. Tarehe 31 Desemba 2017, alfajiri ya kuamkia mwaka mpya, basi na lori viligongana pale Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Sehemu ile ni mteremko mrefu ambao ulishazoeleka kwa malori yanayoshuka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta. Miaka mingi watu walisema pale pana mashetani. Baada ya msiba huo ukajengwa ukuta wa saruji katikati ya barabara, wanaopanda kwao na wanaoshuka kwao. Jiulizeni, kwani mashetani huogopa saruji? Ni kwamba ajali ile ilikuwa na kinga, nayo kinga ilikuwa ikingoja watu wafe kwanza.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kazi sheria za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Kila matatu ikatakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, na abiria wa kusimama wakakatazwa. Wazazi wetu husimulia jinsi watu walivyotembea kwa miguu siku za kwanza, matatu zikiwa zimefichwa, lakini baadaye wakapanda magari na kukaa kama binadamu. Kama ajali ingekuwa haina kinga, mikanda hiyo ingekuwa ya nini? Taabu ni kwamba mkanda wa leo hukaa umefungiwa chini ya kiti, na abiria huutoa anapoliona gari la polisi tu, kana kwamba ni polisi watakaomdaka akirushwa nje.

Najua kuna mtu atanijibu, "Wewe kijana unalaumu abiria, mbona humsemi dereva? Si yeye ndiye mwenye usukani?" Ni kweli, nitamsema. Dereva anayeendesha gari lenye matairi vipara wakati wa masika anacheza kamari kwa roho zisizo zake. Lakini tumwangalie vizuri. Kila siku ana kiasi cha pesa anachopaswa kumpelekea mwenye gari, iwe jua iwe mvua. Mvua ikinyesha nauli inapanda mara mbili, basi kila safari anayoongeza siku hiyo ni faida kubwa. Maana yake ni kwamba siku ile ambayo anapaswa kwenda polepole kuliko zote ndiyo siku ambayo mfuko wake unamwambia akimbie kuliko zote. Mbele anavutwa na pesa, nyuma anasukumwa na makelele yetu. Mguu ulio juu ya mafuta ni wake, lakini sauti inayoukandamiza ni yetu. Pesa za mwenye gari siwezi kuzizuia mimi mwanafunzi. Sauti yangu naweza.

Sasa nina maombi matatu, na nitayatoa bila kuuma maneno.

La kwanza ni kwetu wanafunzi. Tuwe na kalenda ya barabara kama tulivyo na ratiba ya masomo. Wakati wa mvua tuamke mapema zaidi, kwa maana barabara hiyo itachukua muda mara mbili upende usipende. Tusipande gari lililojaa, wala pikipiki iliyobeba watu watatu kama mishikaki huku mwavuli umefunguliwa mbele ya macho ya dereva. Tufungue dirisha kidogo wakati wa baridi. Tukiona dereva anakimbia, tumwambie kwa adabu, "Dere, pole pole, tutafika." Wenzako watakucheka, najua. Mimi nilicheka.

La pili ni kwa dereva na makanga wa njia zetu. Ninyi ni kaka zetu na baba zetu, wengi wenu tunakaa nyumba jirani. Abiria wakiwapigia kelele muongeze mwendo mvuani, waambieni washuke watembee. Hakuna atakayeshuka, nawahakikishia! Angalieni matairi na vipangusio kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kama vile mkulima anavyonoa jembe kabla ya mvua.

La tatu, na hapa naandika kwa heshima na taadhima, ni kwa walimu wetu wapendwa. Asubuhi za mvua kubwa, tunaomba lango liachwe wazi kwa muda wa nusu saa zaidi, na anayechelewa siku hiyo asiadhibiwe. Sitetei uvivu. Mvivu huchelewa hata siku ya jua, na huyo mfanyeni mtakavyo. Lakini mtoto anayekimbia adhabu huvuka barabara bila kutazama, na hupigia dereva kelele. Mimi nilikuwa nikikimbia adhabu. Tena ingefaa sweta zetu zishonewe utepe mweupe mkononi, na chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kuandika mabango ya kubandikwa langoni kila majira yanapobadilika.

Mtu asiniambie kwamba haya ni mambo madogo. Dimbwi lile lilikuwa dogo. Kicheko chetu kilikuwa kidogo. Hata mwendo wetu ulikuwa mdogo.

Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba yule mzee alipona na mwanawe akarudi shuleni. Mzee anatembea, ingawa mkongojo bado hajauacha. Kijana bado anavuta mkokoteni. Asubuhi nikienda shule hunipita na mitungi yake, tukasalimiana, "Sasa?" "Poa." Hajui kwamba ni mimi niliyeuliza kama ile ilikuwa gari ama mkokoteni. Siku moja nitamwambia. Nikimwambia, sitamtolea methali.

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mkaaji wa Ziwani